Kimya cha Chumba cha Muuaji

4 Februari

Mpwa wangu Sikio,

Bahasha yako imefika, na ile flashi yenye sehemu mbili za kwanza za msimu wa nne wa tamthilia yenu "Jalada Jekundu" imefika nayo bila kuvunjika. Ulitaka nikupigie simu nikwambie nilivyoona. Unanijua lakini. Simu naipokea kwa salamu na kwa misiba. Hukumu huandikwa, kwa sababu anayeandika hulazimika kusoma alichosema kabla mwenzake hajakisikia.

Mhariri wa gazeti ameniomba tahakiki ya msimu mzima, itoke baada ya sehemu ya mwisho. Anasema wakubwa wa kituo chenu wanaisubiri kuliko wasomaji, maana hawajaamua kama kutakuwa na msimu wa tano. Kwa hiyo najua riziki yako na ya wenzako imepita mezani kwangu. Hilo halitanifanya mpole, na wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia nisiwe.

Basi sikiliza. Msimu wa kwanza Inspekta alikuwa mtu wa kukaa. Aliingia nyumba ya marehemu, akavua kofia, akakaa kwenye kiti cha marehemu, akanyamaza. Na sisi tulinyamaza naye, na katika kunyamaza kule tukaanza kumshuku kila mtu, hata daktari. Sasa amekuwa mtu wa kukimbia. Kila akisimama kuvuta pumzi anatusimulia alichokiona, kana kwamba sisi tulikuwa jikoni.

Nikueleze tofauti, ingawa najua unatabasamu hapo ulipo. Kuna muuaji aliyefichwa na kuna muuaji aliyecheleweshwa. Aliyefichwa yuko mbele yako tangu mwanzo, ila hukujua umtazame wapi. Aliyecheleweshwa hayupo kabisa. Mwandishi anamleta mwishoni kama mgeni aliyepotea njia. Nahofia msimu huu unamlea huyu wa pili. Na nikimwona pacha wa Inspekta, ile hila ya waandishi waliochoka, naizima televisheni.

Kitu kimoja ni kizuri, tena kizuri sana: chumba cha muuaji. Anapokaa peke yake, uso gizani, kimya kile kina uzito. Nilipokuwa redioni nilikufundisha kwamba kila chumba kina kimya chake, na kwamba fundi sauti haondoki chumbani kabla hajakinasa, watu wote wakiwa wamesimama bila kutikisika; kisha hukitandika chini ya maneno kama shuka, la sivyo maneno yatasikika kama yanasemwa ndani ya debe. Nafurahi hujasahau.

Ila nina swali. Muuaji yuko peke yake. Nani anapumua nyuma yake?

Si yeye. Kifua chake kinaonekana, nimekitazama. Pumzi ile haifuatani nacho. Ni ya mtu aliyekaa pembeni, mwenye subira, na inapoingia ina kamluzi kadogo kwa chini. Nilitazama mchana, mapazia wazi, jua limejaa sebuleni. Na bado niligeuka kuangalia nyuma ya kiti changu.

Niambie ni nini. Sitasema ninachodhani.

Mjomba wako

---

11 Februari

Mjomba, shikamoo.

Kwanza nikutoe wasiwasi, au nikuongezee: pacha yupo. Sehemu ya nane. Nakuomba usizime. Sikumwandika mimi, mimi ni wa sauti tu.

Nilimsomea mwongozaji wetu yale maneno yako ya muuaji aliyecheleweshwa. Tunamwita Bosi Kata, maana hata akisinzia hupiga kelele "kata!" Akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Mwambie mjomba wako aliyemchelewesha ni bajeti." Na ni kweli. Msimu huu hatukodi nyumba za watu. Kituo kimetupa jengo lake moja la zamani, la bure, na vyumba vyote vimejengwa humo ndani kwa mbao nyepesi. Ndiyo sababu Inspekta anakimbia, Mjomba. Akisimama, watu wataona kuta zinapumua. Jengo lenyewe tumekatazwa kulitaja hadi msimu uishe. Wanasema watakuja kulitangaza kwa mbwembwe.

Kuhusu mtu anayepumua: sikumsikia. Nimevaa hedifoni, nimerudia kile kipande kuanzia mwanzo hadi mwisho, sauti juu kabisa. Hakuna kitu. Kimya cha chumba hukinasa mimi mwenyewe baada ya watu kutoka, maana nikiwaacha ndani hawatulii. Mmoja atajikuna, mwingine tumbo litaunguruma. Labda ni feni ya televisheni yako. Au ni fundi viatu wako wa ghorofa ya juu, amelala chali tena, anakoroma.

Nakutumia sehemu ya tatu na ya nne. Nisamehe hilo doa la chai kwenye karatasi. Nilikohoa, kikombe kikaniponyoka. Vumbi la jengo hili halina adabu hata kidogo.

Mpwa wako,
Sikio

---

20 Februari

Mpwa wangu,

Si feni. Niliizima televisheni, nikasikiliza chumba, nikaiwasha tena. Na si fundi viatu, kwa sababu alikuwa ameketi karibu yangu. Alikuja kunirudishia kandambili, nikamkaribisha atazame. Muuaji alipoingia chumbani mwake na kukaa, fundi viatu akanigeukia akaniuliza taratibu, "Mzee, una mgonjwa humu ndani?"

Nikamwambia sina.

"Basi samahani," akasema, na chai yake hakuimaliza.

Sasa naweza kusema ninachodhani. Ni mke wangu.

Ulimjua mkaza mjomba wako akiwa amestaafu, ameshakuwa bibi wa maua na viti. Hukumjua kazini. Redioni tulimwita Bi Kastabini, kwa sababu aliivaa kidoleni ile kofia ndogo ya chuma wanayovaa washonaji wasichomwe na sindano. Hakuwa akishona. Alikaa nyuma ya waigizaji, na kazi yake ilikuwa kusikia kisichotakiwa: kiti kinacholia, karatasi, tumbo, pumzi. Hakuruhusiwa kusema, maana maikrofoni zilikuwa wazi. Kwa hiyo aligonga mkono wa kiti. Akigonga moja, maana yake kuna mtu anasikika, anzeni upya. Akigonga mbili, maana yake ni safi, endeleeni. Waigizaji wakubwa waliobishana na mkurugenzi hawakuwahi kubishana na kidole kile.

Angalia sasa jambo hili. Alifanya kazi maisha yake yote ndani ya nyumba ya sauti, na hakuna hata neno lake moja lililobaki. Kazi yake ilikuwa kutosikika. Nina picha zake. Nina nguo zake. Sauti sina.

Mwaka wake wa mwisho pumzi yake ilikuwa na mluzi inapoingia, kama birika linaloanza kuchemka katika nyumba ya jirani. Ulipokuja na wenzako kupiga picha za msimu wa kwanza sebuleni kwetu, ulipotaka kunasa kimya cha chumba, alikataa kutoka kwenye kiti chake. Unakumbuka? Mkanyamaza wote, kisha akagonga moja, akasema, "Ni mimi. Anzeni upya." Akaibana pumzi mpaka mkamaliza.

Nadhani uliitunza ile rekodi iliyoharibika, na sasa umeitandika chini ya chumba cha muuaji. Kama ni hivyo sikukasirikii. Nataka tu uniletee kimya chenyewe, bila muuaji na bila muziki.

Kuhusu sehemu ya tatu na ya nne, niliyoyasema mwanzo huenda yalikuwa makali. Nimeona kwamba Inspekta akikimbia, chumba cha muuaji kinakuwa kimya zaidi kwa kulinganisha.

Mjomba wako

---

27 Februari

Mjomba, shikamoo.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye ngazi za jengo letu. Siku hizi nazipanda kwa vituo, kama gari la abiria.

Ndiyo. Ni ile. Ni kimya cha sebuleni kwenu. Niliposema sikusikia kitu nilikuwa nakuficha, niliogopa utaona nimemtumia marehemu bila ruhusa. Nisamehe.

Yenyewe siwezi kukutumia sasa hivi. Imefungwa pamoja na kazi nyingine za msimu, na bila saini ya Bosi Kata haitoki. Nipe muda.

Ngoja nikusimulie kitu ucheke kidogo. Yule anayeigiza muuaji, nje ya kamera ni mpole kama mfariji wa wajane. Juzi alikatisha kipande katikati, akageuka nyuma. Bosi Kata akafoka, "Nimesema kata mimi?"

"Hapana, bosi. Nani amekaa nyuma yangu?"

"Ukuta umekaa nyuma yako! Endelea kuua!"

Sote tukacheka. Nyuma yake nilikuwa mimi tu na maikrofoni yangu, upande wa pili wa ubao. Lakini baada ya hapo ameomba kiti chake kigeuzwe, mgongo uelekee mlangoni, na hakueleza kwa nini.

Sehemu ya tano na ya sita hizi hapa.

Mpwa wako,
Sikio

---

8 Machi

Mpwa wangu Sikio,

Ahsante kwa kuniambia ukweli. Hujui umenipa nini.

Nimekisogeza kiti chake karibu na televisheni. Nasubiri Inspekta amalize mbio zake, kisha muuaji anaingia, anakaa, na sisi watatu tunatulia. Nimegundua kwamba nikipumua polepole naweza kwenda naye sambamba. Anavuta, navuta. Anaachia, naachia. Fundi viatu amenigongea mlango mara kadhaa kuniita tukatembee. Nimemwambia nina kazi ya gazeti.

Nimeanza kuandika tahakiki. Sikiliza ufunguzi wake: "Msimu wa nne unaonekana dhaifu kwa anayetazama, lakini ni hodari kwa anayesikiliza. Hatujawahi kupewa muuaji mwenye upweke uliojaa namna hii." Mhariri atafurahi, kituo kitafurahi, na msimu wa tano utakuja. Mwanzoni nilikwambia sitakuwa mpole. Huenda nilikuwa sijui wema unaonekanaje.

Kuna jambo ninalotaka kukuuliza kama fundi. Katika sehemu ya pili alikuwa mbali, pembeni mwa chumba. Katika sehemu ya nne amesogea. Katika hii ya sita yuko karibu kabisa, na amechoka. Anavuta, anakwama, anasubiri, ndipo anavuta tena. Je, ulikata vipande tofauti vya kimya kilekile? Maana siku ile sebuleni hakuwa amechoka hivyo.

Usijibu kama ni kazi kubwa. Nitumie tu zilizobaki. Natamani msimu huu usiishe.

Mjomba wako

---

14 Machi

Mjomba, shikamoo.

Hizi ndizo mbili za mwisho. Nimezimaliza sasa hivi, nimelalia magodoro ya studio kwa sababu ngazi zimenishinda leo. Bosi Kata kanikuta akasema, "Sikio, umekuwa kama picha ya zamani, rangi zote zimekutoka." Ni vumbi tu. Msimu ukiisha nitapumzika.

Ndiyo, nilikata vipande tofauti.

Nina ombi moja. Usiandike sifa usizoziamini. Nimefikiri sana juu ya ule ufunguzi wako. Afadhali tukose msimu wa tano kuliko nikusome gazetini nisikufahamu.

Mwandiko umepinda, nisamehe. Naandikia gotini.

Sikio

---

17 Machi

Mpwa wangu,

Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi mkononi. Nimekupigia simu tangu jana, mimi mwenyewe, na inaita bila kupokewa. Fundi viatu ndiye anayeendelea kuipiga sasa huku mimi naandika.

Nitaeleza kwa ufupi, ingawa unajua ufupi si wangu.

Niliitazama sehemu ya mwisho. Pacha akatokea, sikuizima. Nilikuwa nasubiri kitu. Siku ile sebuleni mke wangu aliposikika, aligonga. Kama umetandika kimya kile kilichoharibika, mahali fulani lazima kuna kugonga. Nikarudi sehemu ya kwanza, nikaja nazo zote hadi mwisho, sikio limegusa spika. Hakuna. Pumzi inavuta, inakwama, inavuta, na hakuna anayegonga. Mpwa wangu, mwanamke yule hakuwahi hata mara moja kusikika bila kujitaja mwenyewe. Angeweza kufa kabla ya kuacha pumzi yake ipite bila kugonga.

Kwa hiyo si yeye.

Na kama si yeye, nikajiuliza kama mpelelezi wa msimu wa kwanza, yule wa kukaa: nani huwa chumbani wakati wa kimya? Uliniandikia jibu tangu Februari. Watu wote hutoka. Hubaki wewe. Na wewe huisikii pumzi ile hata ukipandisha sauti, kwa sababu unapoisikiliza unapumua nayo. Mtu hasikii ya kwake.

Muuaji aliyefichwa alikuwa mbele yangu tangu mwanzo. Sikujua nimtazame wapi. Nilikuwa namtazama marehemu.

Doa la chai. Ngazi kwa vituo. Mwandiko. Na mluzi ni uleule, Sikio, uleule aliokuwa nao yeye. Wewe na yeye hamkushiriki damu. Mmeshiriki nini?

Usinijibu. Nenda hospitali, leo, kabla hujafika mwisho wa ukurasa huu. Mwambie daktari asikilize mapafu. Mimi niko nyuma ya barua hii, nakuja na basi la mchana, maana la asubuhi limejaa.

Mjomba

---

2 Aprili

Mjomba wangu, shikamoo.

Umeondoka jana tu na tayari naona wodi hii imekuwa kubwa. Muuguzi anakuulizia. Anasema hajawahi kuona mgeni anayemweleza daktari namna ya kutumia kipima mapigo.

Ulipokuwa hapa kando ya kitanda hatukuyasema. Wewe ulizungumzia hali ya hewa, nami nilikuwa na mpira wa oksijeni puani. Kwa hiyo nayaandika, kama ulivyonifundisha.

Nilikudanganya. Kimya cha sebuleni kwenu sina. Kituo kilifuta kazi zote ghafi za msimu wa kwanza kupata nafasi, na mimi niligundua wakati hakuna cha kuokoa. Uliponiandikia kwamba sauti yake huna, sikuweza kukujibu kwamba na mimi sina. Nikasema ndiyo ni ile. Nilidhani nakupa zawadi ndogo. Sikujua unanisikiliza mimi nikizama.

Na jengo ni hili, sasa naweza kulitaja: ni nyumba yenu ya zamani ya redio. Chumba cha muuaji tulikijenga ndani ya Studio ya Pili, ile ya nyuma ya ngazi. Nilifikiri utafurahi siku ukijua. Zile kuta zenu za kuzuia mwangwi ziko vilevile, ila kitambaa kimechanika, na ule ufumwele wa kijivu, nyuzi laini kama pamba, uliojazwa ndani unamwagika kama unga kila fundi seremala akipiga msumari. Mimi ndiye niliyekuwa nikibaki humo peke yangu, milango imefungwa, feni zimezimwa, nasubiri kimya kitulie. Nilikivuta chote.

Daktari ameagiza kipande cha ukuta kikapimwe. Kimeshapimwa, na vumbi lake ni sumu ya mapafu. Alirudi na uso ambao Inspekta hajawahi kuuigiza. Jengo limefungwa, utepe umezungushwa, safari hii wa kweli. Wote tumepigwa picha za vifua. Bosi Kata ana kidogo, anatibiwa. Yule muuaji mpole hana kitu. Nadhani kule kugeuza kiti kuelekea mlangoni kulimsaidia.

Kwangu wamesema nimewahi. Si kwamba yatakuwa mapafu mapya. Lakini yatakuwa mapafu. Daktari kaniuliza nani alinituma, maana hata mimi mwenyewe nilijiona mzima. Nikamwambia ni mhakiki wa televisheni.

Mjomba, wangapi wa Studio ya Pili walikuwa na mluzi ule?

Mpwa wako,
Sikio

---

9 Aprili

Mpwa wangu Sikio,

Wengi. Tulisema ni sigara. Wasiovuta tulisema ni uzee. Wasio wazee tulisema ni baridi ya usiku. Tulikuwa watu wa kusikiliza kwa mshahara, na hatukusikia.

Nimekaa na hilo siku kadhaa. Sasa naelewa kwa nini aliibana pumzi siku ile sebuleni, na namna alivyonitazama baadaye. Nadhani yeye alikwishasikia.

Uongo wako nimeusamehe kabla sijaufikia mwisho wa sentensi yake. Ungesema ukweli ule mwezi wa Februari, ningeacha kusikiliza.

Tahakiki nimeichana na kuandika nyingine. Mhariri ameitoa leo. Nakunakilia mwisho wake: "Msimu wa nne ni mbaya. Inspekta anakimbia kwa sababu hana mahali pa kukaa, na hana mahali pa kukaa kwa sababu waliomlipia walimfungia ndani ya chumba ambacho walipaswa kukifunga tangu zamani. Msimu wa tano uwepo, kwa sharti moja: wapelekeni kwenye nyumba zenye madirisha, na kila anayeingia aulizwe kwanza anapumuaje." Wameshanipigia wakubwa wa kituo. Nimewaambia waniandikie.

Ukiruhusiwa kutoka, njoo ukae kwangu. Kiti chake nimekirudisha mahali pake. Na njoo na kinasa sauti chako. Kimya cha sebule hii kilifutwa. Tukinase tena, hivyo kilivyo sasa. Hakina mtu, lakini ni chake.

Mjomba wako

---

30 Juni

Mjomba, shikamoo.

Nimefika salama. Ngazi za nyumbani nimezipanda kwa kituo kimoja tu, na kile kilikuwa cha kumsalimu jirani.

Ahsante kwa wiki zote zile. Mwambie fundi viatu kandambili alizonipa zinalia nikitembea, na kwamba katika kazi yangu hilo ni kosa la jinai.

Nimeajiriwa tena. Msimu wa tano utapigwa kwenye nyumba za watu. Bosi Kata amebandika sentensi yako ya mwisho kwenye mlango wa gari la vifaa, na kila asubuhi anatupanga mstari na kufoka, "Haya, pumueni!"

Sasa nikuulize jambo.

Ile adhuhuri ya mwisho tuliponasa kimya cha sebule. Wewe ulikaa kwenye kochi, mimi sakafuni karibu na mlango, kiti chake katikati yetu. Madirisha tulifunga. Niliinua kidole, tukatulia, nikashusha kidole, tukanywa chai. Hakuna kilichotokea. Ulisema mwenyewe, "Hakuna kilichotokea," tena kwa sauti ya mtu aliyekuwa anatarajia.

Jana niliivaa hedifoni nikaisikiliza. Kwanza nilijisikiliza mimi. Safari hii niliibana pumzi yangu wakati wa kusikiliza, kama ulivyonielekeza. Nimo, kwa mbali, bila mluzi. Nawe umo. Chumba kimetulia vizuri, kuna ndege nje na maji kwenye bomba. Nilitaka kuizima.

Mwishoni kabisa, kabla sijashusha kidole, kuna mtu anagonga. Chuma juu ya mbao. Mara mbili.

Nimerudia hadi masikio yameuma. Nimempa Bosi Kata asikilize bila kumwambia kitu, akasema, "Nani anagonga kiti?" Si bomba, Mjomba. Na haitoki kwenye kochi.

Niambie ni wewe. Niambie ulikuwa na kijiko mkononi ukataka kunifurahisha. Sitakasirika. Mikono yako ilikuwa wapi?

Sikio

---

6 Julai

Mpwa wangu Sikio,

Nimeichelewesha barua hii kwa kuiandika mara nyingi.

Unajua udhaifu wangu ni kueleza. Nimekueleza vyumba, wauaji, mapazia, namna ya kushika kikombe. Ukiniuliza saa, nakwambia saa ilivyotengenezwa. Sasa umeniuliza jambo dogo, mikono yangu ilikuwa wapi, na ndilo pekee nisilotaka kulieleza.

Mwezi wa Februari ulinipa jibu nililolihitaji, na halikuwa la kweli. Nikisema nilikuwa na kijiko, utajuaje kwamba silipi deni lile? Nikisema mikono yangu ilikuwa mapajani, hutakaa tena peke yako na kimya cha chumba chochote, na kazi yako ndiyo hiyo. Kwa hiyo chagua mwenyewe. Vijiko ninavyo. Kiti chake ni cha mbao, nacho kiko karibu na mkono wa mtu aliyekaa kwenye kochi, akijinyoosha. Kastabini iko kabatini, au ndipo nilipoiweka.

Ila nikukumbushe kitu kama mwalimu wako wa zamani. Waigizaji wetu walikaa wameutazama ukuta, mgongo kwake. Hawakuwahi kugeuka kuangalia nani amegonga. Walihesabu tu, kisha wakajua la kufanya.

Zimegongwa mbili, Sikio. Endeleeni.

Mjomba wako